Mkeka Juu ya Meza ya Vita

Asubuhi ya siku ya soko, kivuko cha Garsen hakikuwa na mahali pa kuweka hata kikapu. Mto Tana ulikuwa umepanda, na kila mtu alitaka kuvuka kabla jua halijakaza. Pantoni ilibeba lori la magunia ya mchele, mbuzi, kuku waliofungwa miguu, na akina mama wa Kiorma waliokumbatia vibuyu vya maziwa. Huo ulikuwa mwaka 1951. Wengi waliovuka siku ile hawapo tena, lakini kicheko chao bado kinasimuliwa.

Godhana alikuwa mmoja wa wavuta kamba. Alikuwa mwanamume mrefu, mtu wa Bura kule juu mtoni, aliyerudi kutoka vita vya Burma na kaptura ya kaki, kofia ya jeshi iliyopindwa ukingo mmoja, na ukimya ambao watu walikuwa wameshauzoea. Miguuni pake kulikuwa na gunia la unga wa mbao alilopewa na mchonga mitumbwi.

Pantoni ilipofika katikati ya mto, dereva wa lori alijaribu injini. Beberu mmoja alishtuka, akarudi nyuma kwa nguvu na kumpiga magotini msichana aliyekuwa na debe la rangi kichwani. Debe likainama. Rangi yote ya kijani ikamiminika ndani ya gunia la Godhana.

“Ee Mungu!” Msichana alijiziba mdomo. “Kaka, niwie radhi. Si mimi, ni huyu mbuzi.”

Godhana aliachia kamba. Alipiga magoti, akazamisha mkono guniani, akatoa konzi ya unga uliokuwa umelowa na kuwa kijani kibichi.

“Nyasi,” alisema.

“Nini?”

“Nyasi! Dada, tazama mwenyewe! Nimeitafuta rangi hii tangu Ramadhani. Nimeponda majani ya kunde, nimechemsha mchicha, na kila nikianika inakuwa kama kinyesi cha ng'ombe!”

“We Godhana!” wenzake walipiga kelele. “Shika kamba, tunakwenda Kipini baharini!”

Alishika kamba, lakini macho yake yalibaki kwa msichana. Alikuwa amevaa leso mbili za rangi ya machungwa, moja kiunoni na moja mabegani. Vidole vyake vilikuwa vya kijani, na alinukia moshi wa kuni na ukindu uliotoka kuchemshwa.

“Unaitwa nani?” Godhana aliuliza.

“Kwani unataka kunishtaki?”

“Nataka kununua rangi.”

“Imekwisha. Yote unayo wewe.”

Qabale, mama wa Kiorma aliyeuza maziwa na kumjua kila mtu pale kivukoni, alimgusa msichana bega. “Huyu mwanamume mzuri,” alisema. “Wewe mwaga rangi, yeye shukuru. Wewe shika yeye.”

Pantoni nzima ikacheka, na msichana akajifunika uso kwa leso.

Jina lake lilikuwa Mwanaarusi. Aliishi Garsen na shangazi yake, Bi Kibibi, wakisuka mikeka ya ukindu na kuwauzia wachuuzi wa Malindi. Baba yake, Mzee Gunga, alilima mpunga ng'ambo ya mto, na mashamba yake yalionekana vizuri kutoka kivukoni.

Siku ya pili Godhana alibisha hodi kwa Bi Kibibi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata nyanya.

“Shangazi, shikamoo. Nimekuja kuhusu rangi.”

“Marahaba. Rangi gani, baba? Mwanamume anataka rangi ya kijani ya nini? Unasuka?”

“Najenga nchi,” Godhana alijibu.

Bi Kibibi alimtazama mpwa wake kama anayeuliza, huyu umemtoa wapi?

Basi Godhana akawaeleza. Kule Burma, maafisa walikuwa na meza kubwa ya mchanga. Kabla ya kupeleka askari mahali, walitaka wapaone kwanza juu ya meza: kilima hiki, mto huu, kijiji kile. Kazi yake ilikuwa kuvitengeneza kwa chochote kilichopatikana. Sasa yeye na askari wenzake wa zamani walikutana kila Ijumaa alasiri kwenye mkahawa wa Shee, ambaye naye alikuwa amepigana Burma. Walicheza vita kwa askari wa udongo na dadu. Lakini uwanja wao ulikuwa meza tupu. Vilima vilikuwa vikombe vya chai vilivyofunikwa kifudifudi, na mto ulikuwa kilemba cha Shee.

“Wateja wakitaka chai, tunapoteza kilima,” alisema.

Mwanaarusi aliangua kicheko. Godhana alipokisikia, alisahau kilichobaki cha hotuba yake.

“Na mtu mzima anapata faida gani kucheza vita?” Bi Kibibi aliuliza. “Hamkushiba kule?”

“Shangazi, vilima nilivyotengeneza kule, rafiki zangu walivipanda kesho yake, na wengine hawakushuka. Nataka kutengeneza kilima ambacho kila mtu anashuka. Kwenye meza hii askari akianguka, mchezo ukiisha anasimama.”

Hakuna aliyecheka tena. Bi Kibibi akaenda kuinjika maji ya rangi.

Kuanzia siku hiyo Mwanaarusi akawa fundi wa pili wa nchi ile isiyo na jina. Kila alasiri Godhana alipomaliza zamu yake, walikutana mkahawani kwa Shee, mbele ya macho ya watu wote na ya Bi Kibibi, aliyekuja na kazi yake ya kusuka. Vilima vilikuwa udongo wa kichuguu uliokandwa na kumvi za mpunga ili usipasuke. Miti ilikuwa dodoki zilizokatwa vipande na kuchovywa kwenye rangi. Nyumba zilikuwa viberiti vilivyoezekwa majani. Ule unga wa mbao wa kijani ulinyunyizwa juu ya utomvu wa mgunga, nao ukashika kama nyasi baada ya mvua.

Mto Godhana aliutengeneza kwa karatasi ya fedha iliyotolewa ndani ya kasha la majani ya chai. Mwanaarusi aliutazama, akaweka mikono kiunoni.

“Huu mto wa wapi unaong'aa kama bangili?”

“Maji hung'aa, mpenzi.” Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

Mwanaarusi alijifanya hakulisikia, lakini masikio yake yalipata moto. “Maji ya wapi? Umevuta kamba miaka yote hiyo hujaona mto una rangi gani? Shee! Tuletee chai ya maziwa, iliyokolea.”

“Ya kunywa?” Shee aliuliza.

“Ya kupaka.”

“Jamani! Sasa chai yangu imekuwa mto!”

Walipaka chai juu ya karatasi, wakaacha ikauke, wakapaka tena. Jioni ile Tana ilipita katikati ya meza, nzito na ya hudhurungi, na Shee mwenyewe akainama kuichungulia kama mtu anayetafuta mamba.

“Na mashamba?” Mwanaarusi aliuliza. “Watu wa nchi yako wanakula nini, risasi?”

“Sijui mashamba niyafanye kwa nini.”

“Mimi najua.”

Kesho yake alileta vipande vya ukili vilivyoharibika, vile ambavyo msukaji huvitupa mistari ikipotea. Vilipokatwa na kubandikwa kando ya mto, vilionekana hasa kama mashamba ya mpunga yaliyolimwa kwa matuta. Godhana alifurahi mpaka akavua kofia. Tangu hapo kila alipokuja, Mwanaarusi alileta kipande kilichoharibika, na Godhana alikikata palepale kwa kisu chake cha jeshi.

“Una mkono mzuri wa kuharibu,” alimtania.

“Nikiwa karibu na wewe ndiyo naharibu. Nyumbani sikosei.”

Godhana alitaka kujibu, lakini Bi Kibibi alikohoa.

Lakini ng'ambo ya mto kulikuwa na jambo jingine. Mfanyabiashara wa nazi kutoka Kipini, mtu mpole na mwenye nyumba ya mawe, alikuwa amemposa Mwanaarusi kwa Mzee Gunga. Mzee hakuwa mtu wa kulazimisha. Alimwambia binti yake, “Nitampa jibu mpunga ukishavunwa. Kama moyo wako uko mahali pengine, unajua namna ya kuniambia.”

Namna hiyo aliijua. Katika ukoo wao msichana hakutamka kwa mdomo wake kwamba anamtaka mwanamume fulani. Alisuka mkeka mdogo na kuacha upande mmoja bila kuupinda, nyuzi zikining'inia, kisha akampa mwanamume huyo bila maneno. Mwanamume aliupeleka kwa baba wa msichana. Baba akiupokea, msichana aliitwa, akaupinda ule upande mbele ya wazee, na mambo yakaanza. Ndivyo walivyoolewa mama yake na nyanya yake.

Mwanaarusi aliusuka wake kwa rangi nne, akakosa usingizi kwa furaha. Mpunga ulikuwa umeanza kugeuka manjano alipoukunja, akaufunga kwa kamba ya ukindu, akamwachia Godhana kivukoni katikati ya watu. Hakusema kitu. Alimtazama machoni mara moja tu, akaondoka upesi, bangili zikilia.

Godhana alikuwa mtu wa Bura. Kwao mkeka ni wa kulalia na kuswalia. Aliufungua, akaona upande mmoja haujamalizika na nyuzi zimetawanyika. Akatabasamu. Ameharibu tena, maskini, na safari hii kikubwa! Jioni hiyo aliukata wote. Ulitosha mashamba ya kingo zote mbili.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa siku ya vita kubwa. Shee alifagia mkahawa na kutundika pazia jipya. Askari wa udongo, waliookwa kwenye tanuri la mkate, walipangwa kwenye vilima. Pamba za msufi zilikuwa moshi wa mizinga. Watu walijaa mpaka madirishani.

Mwanaarusi alikuja na shangazi yake, amepaka hina, amevaa leso mpya za zambarau, na ua la asumini nyuma ya sikio. Siku zote hizo hakuwa amefika mkahawani; alikuwa nyumbani akingoja habari kutoka kwa baba yake, na habari haikuja. Akajiambia labda Godhana anasubiri siku njema. Watu wakampisha mpaka mezani.

“Karibu, fundi!” Godhana alisema, uso umemng'aa. “Tazama mashamba yetu!”

Mwanaarusi alitazama. Aliona rangi zake nne zimekatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, zimepakwa utomvu, na juu yake wamesimama askari wa udongo wenye bunduki.

“Huu ni ule mkeka?” aliuliza polepole.

“Ndiyo! Ulikuwa umeharibika vizuri kuliko vyote.”

Mwanaarusi alitoa ua sikioni. Aliliweka ukingoni mwa meza kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akageuka na kutoka.

“Mwanaarusi! Nimefanya nini? Mwanaarusi!”

Alasiri hiyohiyo alivuka mto, akarudi kwa baba yake.

Godhana alipigana vita yake bila akili. Majeshi ya Shee yalivuka mto, yakateka kijiji, yakamzingira. Hakujali. Wateja walipoanza kuondoka, Bi Kibibi, aliyekuwa amekaa pembeni, alimwita.

“Njoo hapa, wewe jenerali. Kwenu msichana akimtaka mtu anafanyaje?”

“Anamwambia shangazi yake, shangazi anasema.”

“Basi sisi tunasuka.” Akamweleza kila kitu: mkeka, ule upande usiopindwa, na yule mtu wa Kipini anayengoja mavuno.

Godhana alikaa chini sakafuni. “Alinipa moyo wake,” alisema, “mimi nikaupandia mpunga.”

“Nawe uliupanda vizuri,” Shee alisema, akijaribu kumfariji. Bi Kibibi akamkazia macho.

Asubuhi yake watu wa kivukoni waliona jambo ambalo hawakulisahau. Ng'ambo, Mwanaarusi alikuwa juu ya dungu katika shamba la baba yake, akifukuza ndege kwa kombeo. Godhana alisimama ukingoni, akaweka viganja mdomoni, akaita.

“Mwanaarusi eee!”

Sauti ilipita juu ya maji. Msichana aliwarushia ndege jiwe.

“Nilidhani mkeka umeharibika!”

Safari hii aligeuka. “Ulidhani!” Sauti yake ilikuja nyembamba lakini kali. “Rangi nne! Nani anaharibu kwa rangi nne?”

“Mimi ni mtu wa Bura! Kwetu mikeka haisemi!”

“Na macho yangu? Macho nayo hayasemi Bura?”

Abiria walikuwa wameacha kupanda pantoni. Qabale aliweka kibuyu chini ili asikie vizuri. “Yeye sema kweli,” alimwambia Godhana. “Macho iko kila mahali.”

“Nisamehe, mpenzi wangu!” Godhana aliita. “Kama ungenipa kwa maneno, ningekimbia nao mpaka kwa baba yako bila kungoja pantoni!”

“Ungeliwa na mamba!”

“Afadhali mamba kuliko hivi!”

Kicheko kilipasuka kivukoni. Mwanaarusi alikuwa anacheka au analia, kutoka mbali haikujulikana. Ghafla katikati ya mpunga aliinuka mzee aliyefunga msuli kiunoni, mundu mkononi. Mzee Gunga alikuwa ameinama hapo tangu mwanzo, akikata magugu, na neno hata moja halikumpita.

“Wewe unayepiga kelele!” aliita kwa sauti nzito. “Binti yangu alikupa mkeka?”

Godhana alivua kofia, ingawa mto mzima ulikuwa kati yao. “Ndiyo, mzee!”

“Uko wapi?”

“Nimeukata, mzee!”

“Siulizi umefanywaje. Nauliza uko wapi! Mkeka huletwa kwangu. Ukifika, tutazungumza. Usipofika, mtu wa Kipini anangoja.” Akainama tena kwenye magugu.

Godhana alikimbia mpaka mkahawani. Alijaribu kubandua shamba moja, likatoka na nusu ya ukindu. Utomvu wa mgunga haukuwa na huruma.

“Haubanduki,” alisema. “Nikiubandua, ninampelekea makapi.”

Shee alifuta mikono kwenye aproni. Alitazama meza, akatazama mlango. “Tumebeba mizinga kwenye matope ya Burma,” alisema. “Meza itatushinda?”

Waliibeba wanne, askari wa zamani wote, kila mmoja kwenye mguu wake wa meza. Mlangoni haikupita bila kuinamishwa, ikabidi wang'oe fremu. Njiani watu waliacha maduka wakawafuata. Shee alitoa amri za jeshi: kushoto, kulia, polepole kwenye shimo! Kwenye pantoni dereva wa lori aliambiwa ashuke angoje, na akashuka bila kubisha. Wavuta kamba waliimba. Katikati ya mto kilima kimoja kilipata ufa, na Godhana akakishika kwa mikono miwili mpaka ng'ambo, amepiga magoti.

Mzee Gunga alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, hatua chache kutoka mtoni. Meza iliwekwa mbele yake. Mwanaarusi alisimama mlangoni na leso yake ya kazini, miguu ina tope, hataki kutazama na hawezi kuacha.

“Mzee, shikamoo,” Godhana alisema, akihema. “Nimeleta mkeka.”

“Marahaba.” Mzee aliinuka, akaizunguka meza polepole. Aligusa mti wa dodoki. Alinusa mto. “Hii ni chai?”

“Ya maziwa, mzee.”

“Hm.” Alifika kwenye mashamba, akainama mpaka ndevu zikakaribia ukindu. “Hili shamba umelilaza vibaya,” alisema hatimaye. “Maji yakipanda, yatalala hapa mwezi mzima. Mpunga utaoza.”

“Nitajifunza, mzee.”

“Na hawa wenye bunduki wanatafuta nini kwenye mpunga wa watu?”

“Wanaondoka sasa hivi.” Godhana aliwatoa mmoja mmoja, akawatia mfukoni, mpaka mashamba yakabaki matupu na rangi nne zikaonekana zote.

Mzee Gunga alirudi kwenye kiti chake. “Mkeka umefika,” alisema. “Ila umekatwakatwa, na ule upande wa kupindwa haupo. Binti yangu hana cha kupinda. Kwa hiyo mkeka hauwezi kumsemea.” Akamgeukia Mwanaarusi. “Mwanangu, katika ukoo huu hakuna mwanamke aliyewahi kuombwa jambo hili. Mama yako hakuombwa. Sema mwenyewe. Nimjibu nini mtu wa Kipini?”

Mwanaarusi alishuka kizingitini. Alimtazama Godhana, ambaye vumbi la kilima lilikuwa limemjaa kifuani, na kofia aliikunja mikononi mpaka ikapoteza umbo.

“Mwambie asante,” alisema kwa sauti ndogo. “Namtaka huyu.”

“Sikusikia,” Mzee Gunga alisema. “Masikio yangu yamezeeka.”

Masikio yake yalikuwa mazima kabisa, kama kivuko kizima kilivyoshuhudia asubuhi ile, lakini alitaka kulisikia tena.

“Namtaka huyu, baba!” Mwanaarusi alipaza sauti, na ndege wote wakaruka kutoka kwenye mpunga.

Kutoka ng'ambo, mahali ambapo nusu ya Garsen ilikuwa imebaki ukingoni ikisubiri, sauti ya Qabale ilivuka maji:

“Sisi huku tumesikia!”